Kila Bunduki na Risasi Yake

Inspekta Elineema alitia sahihi daftari la vielelezo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akabeba bunduki tatu na masanduku matano madogo ya risasi, akatoka kituo cha Kilosa kabla mkuu wake hajafika kazini. Kutoa vielelezo nje bila ruhusa ni kujitafutia balaa, na alilijua hilo. Lakini saa nane mchana gari la kituo lingempeleka Ngoitiko Morogoro kusomewa shtaka la kuua, na kesi ya namna hiyo ikishafika Morogoro, kuirudisha nyuma ni kazi ya miaka. Kuna watu hunyongwa kabla haijarudi.

Nje ya kituo Sironka, baba yake Ngoitiko, alikuwa amekaa palepale alipokaa jana na juzi, shuka lake limelowa umande.

"Shikamoo, mzee," Elineema alimwamkia.

"Marahaba." Mzee yule wa Kimasai alizitazama bunduki moja baada ya nyingine. "Ni hiyo ndogo inataka kuua mtoto yangu?"

"Ni hii ya katikati."

"Yeye aliokota tu. Kitu ikilala kwa majani, mtu anaokota."

"Najua, mzee. Lakini kujua kwangu mimi hakutoshi."

Koplo Mhoja alikuwa tayari kwenye usukani wa pikapu waliyoiazima kutoka idara ya kilimo. Mhoja ni Msukuma wa Maswa, mtu wa miraba minne asiyeogopa jambazi wala simba, lakini tangu Jumatatu hakutaka hata kuitazama bunduki namba mbili, ile ya katikati. Alimwomba bosi wake azifunge zote tatu kwenye gunia na kulikaza kwa kamba.

"Na ilale upande wako, afande."

"Haina risasi, Mhoja."

"Hata aliyeipiga wanasema hana mwili."

Ndivyo habari ilivyoenea Kimamba nzima, nayo ilianza hivi. Kwenye shamba moja la mkonge upande ule palikuwa na uwanja wa shabaha uliojengwa na meneja Mgiriki zamani za ukoloni. Mgiriki alifariki, akazikwa ng'ambo ya mkonge, na klabu ya uwanja ule ikafungwa mwaka themanini na mbili shamba lilipokuwa mali ya serikali na pesa ya risasi haipo. Mwaka huu wa tisini na tatu shamba limeuzwa, na mwekezaji mpya akasema atafufua kila kitu, uwanja wa shabaha ukiwemo. Aliagiza risasi kutoka nje. Zilifika wiki tatu zilizopita, masanduku matano, akamkabidhi Vitalis, mzee wa miaka hamsini na minane aliyetunza silaha za klabu ile tangu enzi za Mgiriki. Jumatatu asubuhi Vitalis alikutwa amelala chali mbele ya ubao wa shabaha, risasi moja imeingia chini ya jicho la kushoto.

Katika mkonge, hatua mia mbili kutoka pale, alikutwa Ngoitiko, kijana wa miaka ishirini na miwili, na ng'ombe zake na bunduki namba mbili mkononi. Mwezi uliopita yeye na Vitalis walikuwa wamegombana juu ya ng'ombe walioingia kwenye mahindi. Mkuu wa polisi wa wilaya hakutaka zaidi ya hayo. Baada ya siku mbili mahabusu Ngoitiko aliweka dole gumba kwenye karatasi ya kukiri asiyoweza kuisoma.

Elineema alikuwa na mambo matatu yaliyokataa kukaa vizuri. La kwanza ni bunduki yenyewe. Ilitupwa majanini, lakini komeo lake la chuma lilikuwa limevutwa nyuma kabisa na chemba i wazi, kama wanavyofundishwa watu wa uwanjani ili kila mmoja aone kwamba silaha ni tupu. Muuaji aliyekuwa na haraka ya kutupa bunduki, bado mkono wake ulikumbuka adabu. Ngoitiko alipopewa bunduki ileile kituoni aifungue, aliihangaikia dakika nzima na asiweze.

La pili na la tatu aliyapata kwa Bibi Sikuzani, mkata nyasi, ambaye saa ile ya mauaji alikuwa nyuma ya tuta la udongo linalozuia risasi zisivuke. Jana Elineema alimfuata kwake.

"Vitalis alisema nini hasa, bibi?"

"Alisema 'Shikamoo'. Kwa sauti ya juu, kama unavyomwamkia mtu aliye mbali."

"Akaitikiwa?"

"Hakuitikiwa. Nikasikia ta! Kijiti kikavu kimevunjika. Basi."

"Mlio wa bunduki hukuusikia?"

"Bunduki naijua mimi, mwanangu. Wawinda nguruwe wanapiga hapa masika yote, masikio yanauma. Ile haikuwa bunduki." Aliushusha mundu wake. "Halafu nikuulize na mimi. Vitalis ana mvi kuliko watu wote wa kambi ile. Shikamoo anampa nani? Labda Mgiriki."

Mkuu wa polisi alicheka sana aliposomewa maelezo hayo. Alisema bibi kizee amezibwa masikio. Elineema hakucheka, kwa sababu bibi huyo alimsikia yeye akija tangu yuko kwenye kona ya njia. Vitalis alimwamkia mtu aliye hai, mtu aliyemzidi umri, naye mtu huyo akamlenga bila kumwitikia. Yakifikiriwa hivyo, yalitisha kuliko Mgiriki kufufuka.

Pikapu ilipita Ulaya saa mbili, Ulaya hii ya Kilosa yenye mihogo na vumbi, siyo ile ya wazungu. Mhoja alipunguza mwendo.

"Afande, Jumanne alfajiri nililinda pale uwanjani."

"Ninajua. Mimi ndiye niliyekupanga."

"Nilisikia ile ta. Mara tatu. Na mtu hakuna."

"Ni mabati ya banda, Mhoja. Jua likiyapata yanalia."

"Jua lilikuwa halijatoka."

Elineema naye alifika pale Jumatano asubuhi, peke yake, akasimama mahali aliposimama Vitalis, na shingo ikamsisimka kwa hisia kwamba kuna mtu amelala kule mwisho wa uwanja akimtazama kupitia tundu dogo. Aligeuka mara mbili. Hakumwambia mtu yeyote, maana inspekta mwenye woga wa uwanja mtupu hachelewi kupewa jina la utani.

Mikumi waliingia saa tatu. Malori ya Zambia yalikuwa yamepanga foleni barabarani, na vibanda vipya vya mitumba na redio za Kijapani vilikuwa vimeota kila upande tangu ije hii ruksa ya biashara. Nyumba waliyoitafuta ilikuwa kando, upande wa reli ya Kidatu. Hapo aliishi Casmir, bwana nyama mstaafu wa idara ya wanyamapori, miaka sitini na sita, mpiga shabaha aliyejulikana mkoa mzima. Aliwahi kufundisha shabaha kwenye chuo cha polisi, na Elineema alikuwa mwanafunzi wake. Kama kuna mtu wa kumweleza bunduki hizi zinazungumza nini, ni yeye.

Mzee alikuwa bustanini anamwagilia mchicha, mgongo umenyooka kama zamani.

"Shikamoo, mwalimu!"

Casmir aligeuka ghafla, na kopo likamwagika miguuni. Alimtazama Elineema huku midomo ikimcheza.

"Ni mimi, Elineema. Kozi ya sabini na tisa."

"Karibu," alisema hatimaye. "Karibuni ndani."

"Shikamoo, mzee," Mhoja naye akasalimu.

"Karibuni, karibuni."

"Tumesalimia ukuta, afande," Mhoja alinong'ona wakiingia.

Elineema alikuwa amelisikia hilo pia, na lilimgusa pabaya. Mtu huyu huyu aliwahi kumkimbiza kuruta mmoja kuzunguka uwanja mara ishirini kwa kosa la kumpita mpishi bila kumwamkia.

Ndani palikuwa safi na patupu. Kiti cha mzee kiliwekwa kuelekea mlangoni, na dirisha la upande wa mashariki lilikuwa limefungwa kwa ubao na misumari, misumari mipya. Ukutani palikuwa na picha ya kadi ya shabaha: duara jeusi, na katikati yake tundu moja lenye kingo za kuchanika. Chini yake iliandikwa: risasi kumi, mita hamsini, Casmir, 1971. Kadi yenyewe Elineema aliiona klabuni. Mwekezaji alikuwa ameshaitengenezea fremu aitundike mlangoni.

"Umesikia habari za Vitalis, mwalimu?"

"Nimesikia. Masikini."

"Hukufika msibani."

"Miguu, mwanangu. Kimamba ni mbali."

"Klabuni ulifika lini mara ya mwisho?"

"Walipofunga. Themanini na mbili." Jibu lilikuja upesi na bila kigugumizi. "Na huyo kijana wa Kimasai mmeshampeleka?"

"Leo saa nane."

Casmir alitikisa kichwa, akatazama mlango. Elineema alifungua gunia na kulaza bunduki tatu mezani, kisha akayapanga masanduku matano pembeni. Yote yalifanana kwa rangi na maandishi. Tofauti ilikuwa tarakimu ndogo zilizogongwa ubavuni, ambazo yeye mwenyewe alihitaji kioo cha kukuzia ili azisome.

"Nifundishe, mwalimu, kama sijui kitu. Mtu anataka kupiga shabaha ya mita hamsini kwa risasi hizi ndogo za pointi tuu-tuu. Anachaguaje?"

Uso wa mzee ulibadilika. Kilichokuwa kinamsumbua kilikaa pembeni kidogo, na mwalimu wa zamani akarudi.

"Kwanza bunduki. Usitazame urembo. Tazama mtutu: uwe mnene, usitikisike. Komeo likae imara, lisichezecheze. Kifyatulio kiwe chepesi, kikatike bila kukuonya. Na kitako kikufae wewe, siyo kaka yako. Hii namba moja imeharibiwa na fimbo ya kusafishia, mdomo wa mtutu umelika. Hii namba tatu ni nzuri, lakini ilikatwa kwa ajili ya mtu mfupi."

"Na namba mbili?"

"Hiyo ndiyo bunduki."

"Basi nikiwa na namba mbili nimemaliza."

"Hujaanza!" Alimcheka mwanafunzi wake. "Watu wa fedha hununua bunduki nzuri wakadhani wamenunua shabaha. Risasi hizi hazina fataki katikati. Dawa ya kuwashia imetandazwa ukingoni mwa kitako cha ganda, na pini inagonga ukingo. Ikizidi hapa, ikipungua pale, risasi moja inakwenda juu na nyingine chini. Kila bechi, yaani toleo moja la kiwanda lenye namba yake, ina tabia yake. Na kila bunduki ina bechi moja inayoipenda. Nyingine itazitapanya tu."

"Utaijuaje?"

"Kwa kujaribu. Unangoja asubuhi isiyo na upepo, unapiga kumi za bechi hii, unasafisha, unapiga kumi za ile. Unazipima kadi. Hakuna njia nyingine. Hata mtengenezaji hajui bunduki yako itapenda ipi."

"Na mlio?"

"Za shabaha ni za pole. Hazipiti mwendo wa sauti, kwa hiyo hazipasui hewa. Zile za kuwindia kanga zinapiga kelele kama mjeledi. Hizi, ukiwa nyuma ya tuta…"

"Ni kama kijiti kikavu," Elineema alimalizia.

"Ndiyo. Kama kijiti."

Lori lilipiga honi barabarani. Elineema alisubiri lipite, kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayepiga soga.

"Mashindano ni kesho, mwalimu. Muda wa kujaribu huna. Una hizi tatu na haya matano. Unachukua nini?"

Casmir alivaa miwani. Alivuta bunduki namba mbili karibu yake, mkono mmoja ukiipapasa bila yeye kujua. Akayageuza masanduku ubavu mmoja mmoja mbele ya mwanga, akasoma tarakimu. La kwanza akaliweka kando. La pili kando. La tatu kando. La nne akalishika, akaligonga kwa kidole, akaliweka mbele ya Elineema. La tano hakulisoma kabisa.

"Hii," alisema.

Mhoja, ambaye alikuwa akikwangua kucha kwa kijiti mlangoni, aliinua kichwa, kwa kuwa hata yeye alikuwa ameisikiliza ile hotuba. Elineema alitamani kwa moyo wake wote mzee aseme amebahatisha, aseme anatania, aseme lolote. Mwalimu wake alikuwa anaitazama tarakimu kama anayesoma barua ya msiba, na polepole mkono wake ukaondoka juu ya sanduku.

"Masanduku haya yalifika nchini wiki tatu zilizopita," Elineema alisema. "Wewe klabuni hujafika kwa miaka kumi na moja."

"Mzoefu ana jicho lake."

"Umeniambia sasa hivi jicho halisaidii. Na la tano hukutaka hata kulitazama, mwalimu. Mtu anayebahatisha hutazama yote."

"Hakimu hatamfunga mtu kwa kuchagua sanduku."

"Hatamfunga, kweli. Kwa hiyo twende tukapige."

Nyuma ya reli palikuwa na machimbo ya kokoto yaliyoachwa, ukuta wa mawe pande tatu. Mabwana nyama wa Mikumi walikuwa wakirekebishia bunduki zao pale. Mhoja alipima hatua, akasimika ubao, akabandika kadi mpya. Kisha alirudi akamvuta bosi wake pembeni.

"Afande, unampa mtuhumiwa silaha ya moto. Wewe na mimi tuna watoto."

"Risasi zikae mkononi mwako. Unampa moja, anapiga, unampa nyingine. Tano tu. Bastola yako ifungue kifuniko."

Saa ilikuwa nne na robo. Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa nyasi. Elineema alimtandikia mzee gunia chini, kisha akachuchumaa kando yake na kumweleza mambo yote wazi, kwa sababu hakuona heshima katika kumtega mtu aliyemfundisha.

"Mwalimu, sikiliza. Ukizipiga tano zikatawanyika, basi ulibahatisha, na mimi sina kitu. Nitarudi Kilosa nipewe adhabu yangu, na Ngoitiko atapanda gari saa nane. Zikiingia pamoja, uliijaribu bechi hii kwenye bunduki hii ndani ya wiki tatu hizi, na aliyekuona ukijaribu ni Vitalis peke yake. Ni wewe utakayeamua."

"Unaniomba nipige vibaya ili nipone."

"Sikuombi chochote. Nakwambia yaliyopo."

Casmir alilala chini. Alikunja mguu wa kulia, akapachika kitako begani, akaliweka shavu mahali pake. Miaka yote ilimwondoka. Mhoja akamwekea risasi ya kwanza kiganjani, nyembamba kuliko penseli, ikiteleza kwa nta.

Ta!

Mlio ulikuwa mdogo kiasi kwamba ndege waliokuwa kwenye mawe hawakuruka. Mhoja alishtuka kuliko wao. Hiyo ndiyo sauti aliyoisikia Jumanne alfajiri. Mzee alivuta komeo, ganda likadondoka kwenye gunia, akanyoosha kiganja bila kutazama. Ya pili. Ya tatu. Katikati ya risasi na risasi alivuta pumzi, akaitoa nusu, akaizuia. Ya nne.

Ya tano ilichelewa. Mtutu ulianza kuhama kidogo kutoka kwenye ubao, ukaenda kushoto, ukatulia kwenye mawe matupu. Hapo palikuwa na wokovu wake wote. Angeipiga ile moja nje, kadi ingeharibika na asingekuwepo wa kumbishia. Elineema aliona mshipa wa shingo ya mzee ukipiga. Mhoja alikuwa na mkono kwenye bastola. Dakika ilipita, au zaidi.

"Ondoka pale mbele, Vitalis," Casmir alisema kwa upole.

Kwenye ubao hapakuwa na mtu. Mhoja alirudi nyuma hatua mbili na kujipiga ishara ya msalaba. Kisha mtutu ukarudi ulikotoka, ukasimama, na bunduki ikalia.

Mzee alivuta komeo nyuma kabisa, akaiweka bunduki chini chemba ikiwa wazi, akainuka kwa magoti. Maganda matano aliyaokota mwenyewe na kumpa Elineema.

"Ukingoni utaona alama ya pini. Ina pengo dogo. Naamini lile la Jumatatu mmelipata."

"Tunalo. Mhoja alilitafuta saa mbili kwenye nyasi."

"Nililitafuta na mimi."

Walitembea pamoja kwenda kwenye ubao, na alizungumza njia nzima bila kuulizwa, kama mtu anayetua mzigo.

"Ile kadi ya sabini na moja siyo yangu. Ni ya Vitalis. Wakati ule yeye ni mtumishi, haruhusiwi kushindana, lakini ndiye aliyekuwa anawajaribia wakubwa bechi zao kila asubuhi. Siku moja akapiga kumi kwenye tundu moja, hakuna aliyeona isipokuwa mimi. Nikamwambia, wewe kadi hii itakusaidia nini? Akasema chukua, mkubwa. Kwa kadi ile nikapata chuo, nikapata jina. Mwezi huu mwekezaji amenitumia salamu, nije kwenye ufunguzi, jina langu litaandikwa mlangoni. Nikaenda kimya kimya kujaribu, nisije nikaaibika mbele ya watu. Vitalis akanipokea vizuri. Tukajaribu pamoja bechi zote tano. Siku ya mwisho akaniambia, mkubwa, mimi nimezeeka, sitaki kitu, ila jina langu nalo liandikwe, hata kwa herufi ndogo."

"Ukakataa."

"Nilimwambia nitafikiri. Jumatatu nikafika mapema kuliko yeye, na bunduki aliyokuwa ameniachia, nikalala pale. Akaja kubandika kadi. Akainua uso akaniona, akafurahi. Akaniamkia." Casmir alisimama. "Na mimi kidole kiko kwenye kifyatulio. Ningeitikia tu, Elineema, neno moja, mkono ungelegea. Sikuitikia. Kila alfajiri anakuja dirishani kuniamkia. Nimepigilia mbao, anakuja tu."

Elineema alimwonea mzee huyu huruma, na huruma hiyo ilimkasirisha, kwa sababu mtu huyu alikaa siku nne akimwagilia mchicha huku kijana wa watu akipigishwa dole gumba kwa dhambi isiyo yake.

"Ungemwacha Ngoitiko anyongwe."

"Ningemwacha," Casmir alikiri. "Mpaka nilipopewa risasi ya tano, ningemwacha."

Kadi ilikuwa na tundu moja. Elineema aliibandua, akaiangalia mbele ya jua. Risasi tano zilikuwa zimeingia zikigusana, kazi ambayo yeye hajawahi kuikaribia maishani mwake. Mhoja aliguna kwa mshangao ingawa hakutaka.

"Nitayasema haya mbele ya hakimu wa mahakama ya mwanzo hapa Mikumi," mzee alisema. "Sasa hivi, kabla ya saa nane. Lakini nina ombi. Kadi hii nipigie sahihi kama shahidi. Sijawahi kuwa na kadi ya namna hii iliyo yangu."

"Hii itakwenda mahakamani, mwalimu. Ndiyo itakayokufunga kitanzi."

"Najua itakwenda wapi."

Elineema alitoa kalamu. Aliandika: risasi tano, mita hamsini, bunduki namba mbili, bechi ya sanduku la nne. Mpigaji, Casmir. Shahidi, Elineema, Inspekta wa Polisi. Akaweka tarehe na saa, akampa aisome. Mzee aliipokea kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na miwani, akaikagua kwa muda mrefu, tundu lile, kingo zake, upande mmoja uliotanuka kidogo kwa ile ya tano.

"Ya Vitalis zilikuwa kumi," alisema, "na tundu lilikuwa dogo kuliko hili."

Akamrudishia kadi, akatangulia mwenyewe kwenda kwenye pikapu.

Elineema alimtuma Mhoja kituo cha Mikumi akapige simu ya upepo Kilosa, walizuie gari la Morogoro, na wamwite Sironka aingie ndani amwone mwanawe.